Mkate wa Haki wa Upendoni

Nchi ya Upendoni iko mbali sana na hapa, na anayesikia habari zake akadhani anaijua, hayo ni yake na nafsi yake. Sisi tunasimulia kama tulivyosimuliwa. Ni nchi nzuri, ina mvua za kutosha, na serikali yake ina moyo laini kuliko serikali zote duniani. Ulikuwa laini kiasi kwamba mawaziri hawakuweza kumtazama maskini. Wakipita barabarani walipandisha vioo vya magari, kwa kuogopa wasije wakalia.

Katika nchi hiyo, kwenye mji wa Ndarama, aliishi mjane mmoja aitwaye Mwanamvua binti Sefu, muoka mikate. Tanuri lake la matofali alijengewa na marehemu mumewe, nyuma ya nyumba. Mikate yake ilikuwa mizito, yenye ganda la kahawia, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha kuikatia. Mteja akichagua sana alimwambia aende akaoke mwenyewe. Watu walimvumilia kwa sababu ya mikate.

Alikuwa na msaidizi mmoja, Hemedi Mapunda, mwanamume wa makamo mwenye mikono mipana kama makasia. Hemedi alikanda unga huku akiimba nyimbo za kanisani, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa msikitini, kwa kuwa, alisema, tuni zao zinafuatana vizuri na kukanda.

Na nyuma ya ukuta wa tanuri aliishi Mzee Machano. Ujanani alikuwa fundi wa mabomba wa manispaa. Sasa miguu ilikuwa imemvimba na macho yamefunga ukungu. Pensheni yake serikali iliiunganisha na Mfuko wa Mshikamano wa Taifa, na tangu iunganishwe hakupatikana mtu wa kuitenganisha. Kila asubuhi Mwanamvua alimpelekea mkate na kikombe cha chai, akavitua mbele yake kwa kishindo.

"Kula, usije ukanifia hapa nikasingiziwa mimi."

"Ahsante, mwanangu," Mzee Machano alijibu, akala.

Basi ukafika uchaguzi, na Chama cha Moyo Mpana kikaja Ndarama kuomba kura. Aliyehutubia alikuwa Daktari Yusta Mwangaluka, mama mwenye sauti tamu iliyotetemeka mahali panapotakiwa.

"Ndugu zangu wanyonge," alianza, na watu wa Ndarama, ambao walikuwa hawajawahi kuitwa hivyo, wakageuka nyuma kutazama ni akina nani wanaosemeshwa. "Katika Upendoni mpya hakuna atakayenunua mkate. Mkate ni haki. Je, haki inauzwa?"

Watu wakasema haiuzwi. Mwanamvua naye akasema haiuzwi, kisha akarudi nyumbani kuuza. Na siku ya kura alimpigia Daktari Yusta. Hilo hatulifichi. Alipenda ile sauti, na alimfikiria Mzee Machano.

Chama cha Moyo Mpana kikashinda, Daktari Yusta akawa Waziri wa Huruma. Haukupita muda, akaja dukani kwa Mwanamvua kijana nadhifu, amevaa tai yenye picha ya moyo. Jina lake Nassibu Kilindo, Afisa Huruma wa Kata. Alikuwa amesomea huruma ng'ambo hadi shahada ya pili.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba. Mikate mingapi?"

"Sikuja kununua, mama. Nimekuja kukusikiliza." Akasukuma kiti kando, akachuchumaa sakafuni. "Nitakaa chini ili uhusiano wetu uwe wa usawa."

"Sakafu ina unga."

"Ni unga wa wananchi, mama." Akatabasamu kutoka kule chini. "Kama unavyojua, serikali itagawa Mkate wa Haki, bure, kwa kila mnyonge. Lakini mkate wa bure una gharama zake. Sasa nani anafaa kuchangia kama si mwenye mkate?"

Mwanamvua aliona maneno hayo yana mantiki, au walau yalisemwa kwa adabu. Akauliza atoe kiasi gani. Kilindo akamweleza taratibu, kama anayemfariji mfiwa. Kulikuwa na Kodi ya Mshikamano, ya kila mkate. Kulikuwa na Kodi ya Faida na, kwa ajili ya siku ambazo faida haikupatikana, Kodi ya Faida Tarajiwa. Moshi wa tanuri ulikuwa na kodi yake kwa niaba ya mawingu. Na kwa kuwa harufu ya mkate wa moto inampita mtu asiye na pesa na kumwumiza nafsi, kulikuwa na Kodi ya Harufu.

"Na nikiziba harufu?"

"Utakuwa unawabagua wasiouona mkate, mama. Hiyo ni kodi nyingine."

Kabla ya kuondoka alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia serikali inampenda sana.

Mwanamvua akapandisha bei kidogo. Kilindo akarudi kesho yake, amehuzunika, akachuchumaa tena. Alieleza kwamba kupandisha bei ni aina ya ukatili, na kwamba bei sasa itapangwa na Wizara. Wizara ikaipanga chini ya bei ya unga. Mwanamvua akapunguza ukubwa wa mkate. Wizara ikapanga ukubwa. Hemedi aliacha kuimba, akawa anakanda kimya.

"Huo mkate wa bure wenyewe unakuja lini?" Mwanamvua alimuuliza Kilindo siku moja alipokuja kukusanya. "Maana mimi nachangia, na hapa mtaani sijaona hata kipande."

"Mambo yanakwenda vizuri mno, mama. Tuko awamu ya kwanza."

"Ya kufanya nini?"

"Kujenga uelewa. Wadau wote wa mkate walikutana kwenye warsha, hoteli ya kule ziwani, wiki nzima. Ilitoka sauti moja, kwamba njaa haikubaliki."

"Walikula nini?"

"Kulikuwa na chakula cha kawaida tu," Kilindo akasema, akaona haya kidogo. "Samaki, na nyama. Na mikate iliagizwa nje, maana ya hapa tulikuwa hatujaihakiki."

Siku hiyo, akiwa anatoka kwa mlango wa nyuma, Kilindo akamwona Mzee Machano amekaa juu ya gogo lake, mkate mkononi. Akasimama kama aliyeona moto.

"Mama, huyu mzee amenunua mkate huu?"

"Atanunua kwa nini? Nimempa."

"Nani amekuruhusu kumhurumia?"

Mwanamvua hakumwelewa. Kilindo, kwa upole uleule, akamwelimisha kwamba huruma ya mtu binafsi ilikwishapigwa marufuku. Ni huruma isiyo na viwango. Haina ukaguzi. Humfanya mpokeaji ajione mdogo mbele ya mtoaji, wakati serikali ikikupa kitu hujioni mdogo, unajiona raia.

"Mtazame alivyoinamisha kichwa," akasema kwa masikitiko.

"Ameinamisha kwa kuwa anatafuna."

"Ni kwa faida yake, mama. Mlete kwenye Kamati, aandikishwe apate mkate wake wa haki, akiwa ameinua kichwa." Kisha akamtoza faini ya kuhurumia bila kibali, akamshukuru kwa ushirikiano wake.

Mwanamvua akaazima mkokoteni, akampakia Mzee Machano, yeye na Hemedi wakamsukuma hadi ofisi za Kamati ya Uthibitisho wa Njaa. Wakasubiri foleni mpaka jua likawa la utosi. Mle ndani walikuwa wamekaa wajumbe kadhaa nyuma ya chupa za maji, na mwenyekiti wao, bibi mwenye miwani mikubwa, akamwamkia mzee kwa heshima zote.

"Mzee wetu, mara ya mwisho umekula lini?"

"Leo asubuhi, mwanangu."

"Umekula nini?"

"Mkate na chai."

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mzee wetu, hili linatupa shida. Kwa vigezo vyetu wewe huna njaa. Una historia ya kula."

"Nimekula kwa kuwa huyu binti ananipa."

"Ndiyo hasa tunayopigana nayo," akasema mwenyekiti, akimgeukia Mwanamvua bila hasira yoyote. "Watu kama wewe, mama, mnatuvurugia takwimu. Mnawanyima wazee njaa yao halali, halafu serikali ishindwe kuwafikia."

"Nikiacha kumpa je?"

"Utakuwa umemsaidia sana."

Waliporudi nyumbani, Mzee Machano akamwambia Mwanamvua asijisumbue, yeye atakaa na njaa kidogo mpaka ifike kiwango, mbona ujanani alifunga Ramadhani kwenye mitaro ya maji machafu jua kali. Mwanamvua akamwambia afunge mdomo. Kesho yake akampelekea mkate, safari hii ameuficha ndani ya khanga kama mtu anayesafirisha bangi. Kilindo akajua, maana mtaani kulikuwa na namba ya simu ya kuripoti huruma, na anayeripoti alikatiwa kasehemu ka faini. Faini ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na ya tatu ikamaliza akiba ya unga.

Ndipo ikafika asubuhi ambayo Mwanamvua alishindwa kumtazama Hemedi usoni.

"Hemedi, mimi sina tena cha kukulipa."

Hemedi aliendelea kufuta meza ya kukandia, ingawa ilikuwa safi. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe, maana ningeondoka mwenyewe ungenitukana."

"Ningekutukana, ndiyo."

Akaitundika aproni msumarini, akaenda zake. Mwanamvua alikaa peke yake mbele ya tanuri mpaka makaa yakazimika, akaliacha likapoa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mazishi ya mumewe. Moyoni alikuwa na hasira, na kibaya zaidi, hakujua amkasirikie nani. Wote walikuwa wamesema naye vizuri sana.

Kilindo alipokuja na kukuta tanuri ni baridi, machozi yalimlenga. Kufunga biashara, alieleza, ni kuwanyima wanyonge mchango wao. Kwa hiyo ilikuwapo Kodi ya Tanuri Baridi. Nyuma yake alisimama msaidizi mpya, amevaa sare ya kaki ya Wizara iliyombana mabegani, macho ameyaelekeza kwenye viatu vyake. Alikuwa Hemedi. Ajira pekee iliyobaki Ndarama ilikuwa ya kukagua biashara zilizofungwa, na Hemedi alikuwa na watoto wengi.

"Pima tanuri," Kilindo akamwamuru.

Hemedi akalipima tanuri alilolifanyia kazi nusu ya umri wake. Mwanamvua akamwangalia, akameza tusi lililokuwa limekwisha kufika kwenye meno. Lilikuwa tusi zuri, lakini hakuona pa kulielekeza.

Mzee Machano akaanza kukonda. Mwanamvua alimpitishia muhogo wa kuchemsha alipoweza, naye akawa anakula nusu na kumrudishia nusu, akijidai ameshiba. Kamati ilipomwita tena ilimkuta amefikia kiwango, ikampongeza.

Sasa ukafika uzinduzi. Waziri Yusta alikuwa anakuja Ndarama mwenyewe kuzindua Mkate wa Haki, na mji mzima ulipambwa. Palikuwa na mabango, fulana, kofia, ngoma, turubai na viti vya kukodi. Siku moja kabla, Kilindo alikuja mbio kwa Mwanamvua, na kwa mara ya kwanza alisahau kuchuchumaa.

"Mama, tunahitaji mkate."

"Mkate upi?"

"Wowote. Mmoja tu. Tumekwenda mji mzima, hakuna tanuri linalowaka."

"Ajabu," akasema Mwanamvua.

"Waziri ataukabidhi mbele ya kamera kwa mnufaika wa kwanza. Tumemteua Mzee Machano."

Mwanamvua alikuwa amekwisha kufungua kinywa amfukuze. Aliposikia jina hilo akakifunga. Akauliza kama Wizara ina unga. Wizara haikuwa na unga. Basi akakung'uta magunia, akachekecha kilichopatikana, akavunja mguu wa kiti kwa ajili ya kuni, akaoka mkate mmoja. Ulitoka mzuri, wa kahawia. Akasimama akauangalia muda mrefu.

Asubuhi uwanja ulifurika, kwa kuwa watu walikuwa wameambiwa watakula. Mzee Machano aliketishwa jukwaani, amevishwa fulana yenye picha ya moyo iliyomfika magotini. Mwanamvua alisimama chini karibu na ngazi, mkokoteni ubavuni. Waziri Yusta akahutubia mpaka vivuli vikahama.

"Wapo wanaotubeza," alisema. "Wanatuambia tuwatazame jirani zetu wa Ubahilini, ng'ambo ya mto, kwamba kule kodi ni ndogo na mkate ni rahisi. Ndugu zangu, huo ni mkate usio na upendo ndani yake. Kule serikali haimjui mtu hata jina. Mtu anaweza kuishi Ubahilini mwaka mzima asihurumiwe na afisa hata mmoja. Hayo ndiyo maisha mnayoyataka?"

Watu walikuwa wanautazama mkate.

Hatimaye Waziri akaunyanyua juu, ngoma zikalia, akauweka mikononi mwa Mzee Machano, na kamera zikapiga. Mzee aliupapasa, akaupima uzito kwa viganja vyake.

"Huu ameoka Mwanamvua," akasema taratibu.

Kilindo akasogea, akitabasamu, akaushika mkate upande wa pili. "Tayari, mzee wetu. Sasa turudishie, unatakiwa kwenye uzinduzi wa wilaya inayofuata."

Mzee Machano hakuuachia. Akainama, akaung'ata. Waziri akanong'ona kitu bila kuacha kutabasamu, Kilindo akavuta kwa nguvu, na mzee, ambaye hakuwa na uzito wa kumzuia yeyote, akafuata mkate, akateleza, akaporomoka ngazi za jukwaa hadi chini kwenye mavumbi. Mkate ukabaki mkononi mwa afisa, una alama ya meno. Mwenye ngoma, akidhani ndiyo ishara, akaanza kupiga.

"Mnaiona furaha ya wananchi," akasema Waziri kwenye kipaza sauti. "Wanaanguka kwa furaha."

Mwanamvua akapanda zile ngazi. Hakukimbia. Alimfikia Kilindo, akaufungua mkono wake kidole kimoja kimoja kama mtu anavyomfungua mtoto aliyeshika wembe, akauchukua mkate. Kilindo, kwa mshangao, akamwambia kuingilia zoezi la huruma kuna adhabu yake.

"Niandikie," akasema Mwanamvua.

Akashuka, akamwinua Mzee Machano. Paji la uso lilikuwa limechubuka na mkono mmoja ulining'inia vibaya. Akampakia mkokotenini, akamwekea mkate mapajani, akaanza kusukuma katikati ya umati, na umati ukampisha. Hakurudi mtaani kwake. Akashika barabara ya mtoni.

Alikuwa amefika kwenye mteremko aliposikia viatu vya sare vinakimbia nyuma yake. Akasimama bila kugeuka.

"Umetumwa kunikamata?"

"Nimetumwa," akasema Hemedi, akihema. Alikuwa amekwisha kuvua koti la kaki, amelitupa mtaroni. Akamsogeza kando kwa bega, akaishika mikono ya mkokoteni. "Unasukuma vibaya. Utamwaga mzee."

"Na wanao?"

"Mama yao anawafunga vitu. Watatukuta."

Kwenye daraja, upande wa Upendoni, maafisa wa mpakani waliwakumbatia mmoja mmoja. Walilia kwa dhati kabisa, wakawaambia nchi itawakosa, na kwa sababu hiyo wakawatoza Kodi ya Kuagana. Mwanamvua akavua hereni zake, za dhahabu, alizopewa siku ya harusi, akaziweka kwenye kiganja kilichonyooshwa. Aliyezipokea akampigapiga mgongoni.

Upande wa pili palikuwa na kibanda, na afisa mmoja mnene aliyekuwa akimenya karanga. Hakusimama.

"Mnataka nini?"

"Mimi ni muoka mikate," akasema Mwanamvua. Alijitayarisha kusikilizwa. "Natafuta mahali pa kujenga tanuri."

"Jenga."

"Ruhusa naomba kwa nani?"

"Ukipata kiwanja, ongea na mwenye kiwanja. Kuna ushuru wa soko, utalipa ukianza kuuza. Usipolipa utafungiwa." Akatupa maganda pembeni.

"Na huyu mzee nitakuwa nampa mkate bure. Nasema mapema."

Afisa akamtazama kwa mara ya kwanza, kwa karaha, kama mtu anayecheleweshewa chakula cha mchana.

"Mkate si wako? Mpe, usimpe, mimi unanihusu nini? Sogeza huo mkokoteni, bibi, unaziba njia."

Mwanamvua alibaki amesimama. Ulikuwa umepita muda mrefu hajasemeshwa vibaya namna ile, na machozi, ambayo hayakutoka siku tanuri lilipopoa wala pale jukwaani, yakaanza kumtoka mbele ya watu, naye hakuyafuta. Hemedi akaanza kusukuma. Mzee Machano, aliyekuwa akitafuna upande wa kinywa usiouma, akauliza yule bwana amesemaje.

"Amesema tupite."

"Hakusema kingine?"

"Hakusema kingine, baba," akajibu Mwanamvua. "Kula."